Namna ya Kutoa Dawa Iliyomo Katika Mbegu

Somo letu la leo lawahusu wote walio na mwarobaini au mnyonyo karibu na nyumba zao, nao ni wengi katika Miono na vijiji vya pwani. Sote twajua kuwa mbegu za miti hii zina nguvu. Lakini asiyejua namna ya kuitoa nguvu hiyo aweza kuipoteza, au kutoa sumu mahali pa dawa.

Mimi mwenyewe nalijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka mmoja viwavi waliingia katika bustani yangu ya mboga. Nalikusanya mbegu za mwarobaini, nikazianika juani siku nyingi, kisha nikazichemsha kutwa, maana nalidhani moto mwingi ndio utoao nguvu nyingi. Maji yale nikayanyunyiza saa sita mchana. Viwavi waliendelea kula, na mboga zikaisha. Dawa nalikuwa nayo, ila naliiharibu kwa mikono yangu.

Basi kabla ya kutwanga mbegu yo yote, yatupasa kujiuliza maswali mawili. Kwanza: kitu nikitakacho hutoka kwa maji, au hufuata mafuta? Pili: chastahimili moto, au la?

1. MWAROBAINI. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, aliona katika Sudan nzige wakila majani yote, lakini miarobaini wakaiacha. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza walifaulu kutenga katika mbegu zake kitu kiitwacho azadiraktini. Kitu hiki humzuia mdudu kula, tena humzuia kujivua ngozi na kukua. Hutoka kwa maji ya kutosha, lakini jua kali na moto hukivunja.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua matunda yaliyoiva, ondoa nyama, osha mbegu, uzianike kivulini penye upepo. Ziweke katika kikapu au gunia, wala si katika mfuko wa plastiki, maana zitaota ukungu; na zilizoota ukungu zitupe. Ukitaka kuzitumia, bandua maganda, twanga viini katika kinu hata viwe kama unga. Kwa debe la maji la lita 20 tia kilo 1 ya viini. Maji yawe baridi. Acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo ili dawa ishike majani, kisha nyunyiza jioni ya siku ile ile. Rudia baada ya juma moja, au mapema zaidi mvua ikinyesha. Usitazamie wadudu wafe papo hapo; watazame baada ya siku kadha.

Lakini dawa ya shamba si dawa ya mtoto. Mwaka 1981 madaktari katika Malaysia waliandika habari za watoto wadogo waliougua vibaya sana baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini.

2. MNYONYO, ambao wengine huuita mbarika. Hapa moto ni rafiki. Ndani ya nyonyo mna sumu kali iitwayo risini. Punje chache zikitafunwa zaweza kumwua mtoto. Sumu hii ni ya jamii moja na ute wa yai: haiyeyuki katika mafuta, na moto huiharibu. Ndiyo sababu mama zetu hukaanga nyonyo, huzitwanga, huzichemsha pamoja na maji, kisha huengua mafuta yaeleayo juu na kuyapika tena mpaka maji yaliyobaki yakauke. Mafuta hayo ni ya kujipaka. Ya kunywa yawe yale yaliyopimwa, ya duka la dawa, na mwenye mimba asiyanywe pasipo shauri la daktari. Mashudu wasipewe kuku wala mbuzi.

3. MBONO KABURI. Watu wengine huichanganya mbegu hii na nyonyo, na kosa hilo ni la hatari. Sumu yake hufuata mafuta, wala kuchemsha hakuiondoi. Basi njia iliyomwokoa mtumiaji wa nyonyo haimwokoi huyu. Mafuta yake ni ya taa na sabuni, yasitiwe kinywani kamwe.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili shuleni. Gawa tuta moja la mboga sehemu tatu: ya kwanza nyunyiza maji ya mwarobaini uliolowekwa, ya pili maji ya mwarobaini uliochemshwa kutwa, ya tatu maji matupu. Baada ya juma moja watoto wahesabu majani yaliyotobolewa katika kila sehemu na kuandika hesabu ubaoni. Wazee wa kijiji nao waalikwe kuja kutazama, kisha kila mmoja ataamua mwenyewe kama mbegu zake azipeleke mekoni au mtungini.