Mkasi Nilioukwepa Miezi Saba

Mwaka 2006 niliingia kibarazani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, kujifunza ushonaji. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na nilikuwa nimepata ziro. Baba hakunigombeza. Alinisindikiza kwa dada yake na mfuko wa nguo zangu, na njia nzima hatukuzungumza.

Kukanyaga cherehani nilikujua ndani ya mwezi. Kujaza uzi kwenye bobini, kupiga pindo, kuweka zipu, kufumua, kupiga pasi, yote yalikaa mkononi. Kilichonishinda ni kukata. Mshono ukienda upande unaufumua na kuanza upya, lakini kitambaa cha mtu kikishapita kwenye mkasi hakirudi. Kwa miezi saba sikukata hata mkono wa blauzi.

1. Woga wangu ulijificha ndani ya bidii

Kila asubuhi nilifagia kibaraza na kutia mafuta cherehani zote tatu. Vifungo vya wenzangu nilivishona mimi. Nikipewa kitambaa nikichore, nilikipima, nikakipima tena, nikafuta chaki, nikachora upya, mpaka shangazi anachoka anakata mwenyewe. Wateja walinisifu kwamba nina adabu ya kazi, na sifa hizo zilinituliza. Nilikata pia magazeti mengi, nikijiambia kwamba najizoeza. Gazeti halitelezi, halivutiki, wala halina mwenyewe atakayekuja kulichukua Ijumaa. Ukweli ni kwamba nilifanya kila kazi ya pale kibarazani ili nisiifanye ile moja.

2. Ile ziro haikunijua nilivyo

Siku moja shangazi alikuwa ameinamia kazi, akaniuliza bila kugeuka, “Kifua 38, robo yake ngapi?”

“Tisa na nusu.”

“Na nafasi ya mshono?”

“Kumi na nusu.”

“Nyonga 43?”

“Kumi na robo tatu, shangazi. Na nafasi, kumi na moja na robo tatu.”

Akaandika, akaendelea na kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama na futi ya kupimia shingoni. Hizo zilikuwa sehemu, hesabu zile zile zilizokuwa zikiniliza darasani. Simaanishi kwamba mtihani ulinionea. Mwaka ule sikusoma, na majibu yangu yalistahili alama yalizopata. Kosa langu lilikuwa kuichukua alama ya Novemba moja na kuifanya kipimo cha kila kitu ambacho mikono yangu ingeweza kufanya baadaye.

3. Fundi hodari huacha nafasi ya kukosea

Hili ndilo lililonibadilisha kuliko yote. Nilikuwa nikiamini kwamba shangazi hakosei, ndiyo maana mkasi wake huenda bila kusita. Kumbe nilikuwa simtazami vizuri. Ubavuni aliacha inchi moja nzima, kwa sababu mteja aliyepimwa leo anaweza kunenepa kabla ya harusi, au futi ikawa ililegea. Kwenye pindo la chini aliacha inchi mbili, wakati mwingine tatu kama gauni ni la msichana anayekua. Shingo alianza kuikata ndogo kuliko alivyotaka, akamvalisha mteja, ndipo akaipanua, maana shingo ndogo hupanuliwa lakini shingo kubwa imeshakwenda. Mikono aliikata mwisho, baada ya kuona kwapa limekaaje.

Nilimuuliza kwa nini anaacha kitambaa kingi hivyo ndani ya nguo. Akanijibu kwamba kila siku anakosea kidogo, na ile akiba ndiyo inayompa usingizi. Nilishangaa. Mimi nilikuwa nasubiri siku ambayo nitakuwa na hakika, ndipo nishike mkasi. Yeye, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya ushonaji, hakuwa na hakika hiyo, wala hakuihitaji. Alikuwa amejipangia mapema namna ya kurekebisha.

4. Kosa lina kipimo chake

Nilianza kukata mwezi wa nane wa kukaa kwake, na wiki ya tatu nikaharibu. Mama mmoja alileta kitenge cha yadi sita, chenye ndege wote wanaotazama upande mmoja. Alitaka gauni na kilemba chake, kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nilikunja, nikachora, nikakata. Nilipokinyanyua kipande cha mgongo, ndege walikuwa vichwa chini.

Miguu iliniisha nguvu. Nilitaka kukificha kile kipande chini ya meza. Shangazi alikitazama, akaniambia nipime kilichobaki. Kilitosha mgongo mpya, ila kilemba kisingepatikana. Kisha akasema, “Kesho akija, utamwambia wewe.”

Nikamwambia. Alinisema kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba sitamtoza pesa ya ushonaji. Alipomaliza aliuliza, “Na hilo gauni Alhamisi litakuwa tayari?” Likawa tayari. Akalivaa, kichwani akafunga mtandio aliokuwa nao.

Usiku ule nililala macho wazi nikihesabu. Kosa nililoliogopa miezi saba halikuwa na mpaka kichwani mwangu: lilikuwa fedheha, kufukuzwa, baba kunitazama tena kama siku ya matokeo. Kosa lenyewe lilipofika lilikuwa na ukubwa wa kilemba kimoja na ujira wa gauni moja. Vyote viwili niliweza kuvibeba.

5. Woga haukuhama

Mpaka leo nikikunjua lesi au mahameli ya mteja, tumbo linanicheza. Nilidhani utafika mwaka ambao sitahisi hivyo. Sasa nauchukulia kama mvua ya vuli: inanyesha, na kazi inaendelea kibarazani.

6. Anayetazama huongeza uzito wa mkasi

Hili nimelijua nikiwa upande wa pili, kwa kuwa sasa nina msichana ninayemfundisha. Naye amemaliza kidato cha nne bila kufaulu, naye hukaa na chaki muda mrefu. Mwanzoni nilisimama nyuma yake nikidhani namtia moyo, na kila nilipokohoa aliweka mkasi chini. Nikakumbuka kwamba asubuhi niliyokata kwa mara ya kwanza, shangazi aliniachia kanga kuukuu ya kwake, akasema anakwenda sokoni, na alirudi adhuhuri bila kikapu chochote. Wakati ule sikuliwazia jambo hilo.

Jumatatu iliyopita nilimwachia meza na kanga yangu kuukuu. Nilimwonyesha mji, pindo na jina, nikamwambia jina lisikatike, nikaenda kuketi kwa jirani. Nilirudi baada ya saa moja na nusu. Jina limebaki zima, limekaa vizuri upindoni. Bega la kushoto ni fupi kwa nusu inchi. Ameacha nafasi, kwa hiyo kesho asubuhi tutalifumua na kulishusha.