Somo: Kuigiza na Kuwa
Masomo: Mathayo 6:1-6, 2 Wakorintho 5:17



Katika Mathayo 6, Bwana Yesu anawaita wanafiki wale wanaotoa sadaka na kusali ili watu wawaone. Neno la Kiyunani alilotumia mwandishi ni hupokritai. Kwa Wayunani hilo lilikuwa jina la waigizaji, watu waliovaa vinyago na kusema maneno ya mtu mwingine mbele ya watazamaji. Kuigiza si dhambi. Ubaya huanza pale mtu anapokuja mbele za Mungu bila kuvua kinyago.

Tumwangalie Clifton Davis, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Chicago mwaka 1945, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti. Ndiye aliyetunga wimbo "Never Can Say Goodbye", ulioimbwa na Jackson 5 mwaka 1971. Mwaka 1974 na 1975 aliigiza katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni, That's My Mama. Watu walimpenda, lakini kokeini ilimfunga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alimgeukia Kristo. Hakukimbilia mimbari. Mtu mzima mwenye jina lake, alikaa darasani kama mwanafunzi. Alisoma theolojia Chuo cha Oakwood huko Alabama, kisha Chuo Kikuu cha Andrews huko Michigan, vyote vya Waadventista Wasabato, akawa mchungaji.

Kuanzia 1986 hadi 1991 alirudi kwenye televisheni katika mchezo uitwao Amen. Humo aliigiza Mchungaji Reuben Gregory wa kanisa moja la Philadelphia. Mwigizaji mwingine angevua joho jioni na uchungaji ukabaki studio. Yeye alitoka pale akiwa bado mchungaji.

Nasi hapa Nzahaha tuna vinyago vyetu. Jirani akituuliza hali, tunajibu kwamba tuko salama, kumbe mtoto amelala na njaa. Baba aliyekuwa mwalimu ng'ambo ya Ruzizi anaona aibu kupanga mstari wa chakula, anajificha katika pombe. Jumapili anavaa koti na kuketi mbele. Mama anajua, watoto wanajua, na wote wanaimba. Hatuwahukumu, maana sisi wenyewe tumo.

Tunajifunza nini?

1. Baba yetu anaona sirini. Kinyago kinawadanganya watu tu.

2. Kuvua kinyago si kutangaza mambo ya nyumba yako kisimani. Anza kwa maombi, kisha mtafute mzee wa kanisa mmoja au mama mmoja anayetunza siri.

3. Kuanza upya si aibu. Davis aliacha kiti cha mashuhuri akakaa kwenye benchi la shule. Aliyekuwa na duka au shamba, naye anaweza kuanza na kidogo.

4. Karama haitupwi. Ile ile ya kuigiza, Mungu aliitumia tena baada ya kuitakasa. Ya kwako pia haikubaki njiani ulipokimbia.

Maswali ya kujadili nyumbani:
- Ni jambo gani tunalificha tukija kanisani?
- Nani katika kanisa letu tunaweza kumwamini nalo?
- Mtoto wetu akitutazama nyumbani, anamwona mtu yule yule wa Jumapili?

Tuombe: Bwana, utuvue vinyago, utufanye wapya. Amina.