Namna ya Kutayarisha Hedseti ya Kusemea kwa Simu Shambani

Mkulima mwenye pampu mtoni na kabichi zake juu mlimani aijua taabu hii. Yeye yuko juu anaunga bomba, na kijana wake yuko chini penye pampu. Kupiga kelele hakufai, kwa kuwa injini yanguruma. Kupiga simu kwataka mikono mikavu, na tena simu ya kijana yalia mfukoni naye asiisikie.

Siku hizi simu ya kawaida ya kisasa yaweza kutumika kama zile simu za upepo za askari: wabonyeza, wasema, waachilia, wasikiliza. Ziko programu za kazi hiyo, kama Zello. Ukiongeza hedseti, yaani kifaa cha sikioni chenye maikrofoni na kitufe, simu yakaa mfukoni nawe waendelea na kazi yako.

Lakini jihadhari, ndugu mkulima. Hedseti isiyotayarishwa vizuri ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, na sababu yake imo katika lugha yetu wenyewe. Katika Kiswahili neno la kukataza huja mwanzo. Wewe wasema, "Usiwashe pampu!" Ikiwa sauti yachelewa kufunguka, silabi za kwanza hupotea, na kijana husikia, "...washe pampu!" Basi anaiwasha, na wewe mkono wako bado umo ndani ya bomba. Karibu yote utakayoyasoma hapa yahusu silabi hizo mbili.

Kwanza jua jinsi kazi hii ilivyo. Simu ya upepo ya askari hutuma sauti moja kwa moja kwa mwenziwe. Simu yako haifanyi hivyo. Sauti hupita katika intaneti. Bando likiisha, au mtandao ukipotea bondeni, hakuna neno lifikalo. Tembea kwanza shambani mwako na simu mkononi, ujue ni wapi mtandao hufika na ni wapi haufiki. Jambo la pili, mtu mmoja tu husema kwa wakati mmoja. Ukibonyeza wakati mwenzio anasema, maneno yako hayafiki.

Sasa tutazame hedseti ya waya, ambayo ndiyo rahisi kupatikana. Dukani, tazama ncha ya chuma itiwayo katika tundu la simu. Ikiwa na pete mbili nyembamba za plastiki, hiyo ni ya kusikiliza tu, haina njia ya maikrofoni. Yenye pete tatu ndiyo uitakayo. Simu nyingine mpya hazina tundu hilo la mviringo. Basi nunua hedseti iingiayo katika tundu la kuchajia. Waweza pia kukuta hedseti ya pete tatu ambayo sauti yake yasikika kama inatoka ndani ya mtungi, na ukibonyeza kitufe sauti yakaa sawa. Hiyo haijaharibika. Nyaya zake mbili zimepangwa kwa mtindo wa zamani, usiolingana na simu yako. Irudishe, ubadilishiwe.

Kitufe cha waya ndicho kinachowadanganya watu wengi. Mtu hudhani atakibonyeza, akishike hivyo hivyo, aseme, kisha akiachilie. Akifanya hivyo katika hedseti ya kawaida hasikiki hata kidogo. Kitufe kile kikibonyezwa huunganisha nyaya mbili za maikrofoni, na hivyo ndivyo simu ijuavyo kwamba kimebonyezwa. Maana yake ni kwamba muda wote ukishikapo kitufe, maikrofoni imezibwa. Kwa hiyo fungua mipangilio ya programu, utafute mahali pa vitufe vya kusemea, uongeze kitufe cha hedseti, kisha uchague ule mtindo wa kubonyeza mara moja kufungua na mara ya pili kufunga. Usichague ule wa kushikilia. Nawe usisahau kubonyeza mara ya pili! Ukisahau, wenzio wote watasikia ugomvi wako na ng'ombe, wala hakuna awezaye kukujibu mpaka ufunge.

Hedseti za Bluetooth, zile zisizo na waya, zina faida yake. Lakini kitufe cha nyingi kati yake kimetengenezwa kwa kupokea simu na kupiga muziki, si kwa kazi hii. Ukikibonyeza waweza kusikia wimbo badala ya kijana wako. Ziko zilizotengenezwa hasa kwa kusemea, zenye kitufe chake cha pekee, na viko vitufe vidogo vya kufunga mkononi au kwenye usukani. Muulize muuzaji kama kitufe hicho chakubaliwa na programu uitumiayo, na umtake akuonyeshe hapo hapo dukani. Simu ikae mwilini mwako, kwa sababu ukiiacha kwenye pikipiki ukaenda hatua kadhaa, mita 10 hivi, sauti huanza kukatika. Tena maikrofoni ya Bluetooth haiamki mara moja. Yaweza kuchukua pengine sekunde nzima, na sekunde hiyo ndiyo imezayo "usi" yako.

Yako mambo mawili ndani ya simu yenyewe. Ipe programu ruhusa ya kutumia maikrofoni. Kisha ingia katika mipangilio ya betri, uizuie simu isiilaze programu hiyo kioo kinapozimika. Wengi huliacha hili la pili, halafu hulaumu mtandao.

Sasa njia ya kusema. Bonyeza. Ngoja mlio mdogo wa kukuambia njia iko wazi. Kisha taja jina la unayemwita, ndipo useme neno lako: "Kamau, Kamau, usiwashe pampu. Ova." Kitu kikipotea mwanzoni, heri lipotee jina kuliko neno. Naye aliyeitwa arudie alivyosikia: "Nisiwashe pampu. Ova." Asiporudia, hesabu kwamba hakusikia. Na kwa mambo ya hatari, afadhali mpatane neno lisiloweza kukatwa likageuka maana. "Simama" likikatwa halieleweki, na lisiloeleweka humfanya mtu aulize.

Jaribuni kabla ya siku ya kazi. Pampu ikinguruma, kijana akae karibu nayo, nawe uwe juu. Tuma maneno kumi, mengine "washa", mengine "usiwashe", bila mpango, kila mmoja akiyaandika. Baadaye linganisheni karatasi. Zikitofautiana hata mahali pamoja, rudini katika mipangilio, au ongezeni muda wa kungoja kabla ya kusema. Maikrofoni ibanwe kwenye ukosi wa shati, isisuguane na nguo wala isielekee upepo.

Hata jaribio likifaulu, mwenye kutia mkono ndani ya mashine na aende na ufunguo wake mfukoni. Hedseti haichukui nafasi ya ufunguo.

Jambo jingine ni ule waya. Trekta iendeshapo mashine ya kupukuchua mahindi, mhimili wake kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Waya unaoning'inia ukinaswa hapo, humvuta mtu kabla hajapata kuuvua. Upitishe waya chini ya shati, au uuvue kabisa ukaribiapo mashine hiyo, na tena vaa upande mmoja tu ili sikio la pili lisikie watu na mashine.

Baada ya kupuliza dawa ya viazi, nawa mikono kwanza, kisha uifute hedseti na simu kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, wala usimpe mtoto kabla ya kufanya hivyo. Ya Bluetooth ichajiwe usiku, pamoja na simu.