KOMBE LA GOSSAGE NA UBINGWA WA AFRIKA MASHARIKI

Mwalimu wetu wa Historia ameniagiza niandike habari za ubingwa wa mpira wa miguu wa Afrika Mashariki, jinsi ulivyoanza, jinsi ulivyobadilika majina, na jinsi yafaavyo kuuhesabu. Kazi hii nalipewa kama somo, lakini kwa kweli nalianza kuitafuta kabla ya kuagizwa, kwa sababu ya aibu iliyonipata barazani kwetu Ng'ambo. Nitaieleza aibu hiyo kwanza, maana ndiyo mlango wa somo lenyewe.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi ya reli hapa Tabora mpaka alipostaafu. Kila siku baada ya sala ya alasiri hukaa barazani pamoja na wazee wenzake, wakinywa kahawa chini ya mwembe na kuzungumza habari za dunia. Siku moja wakati wa likizo nalikuwa nikiwamiminia kahawa, na mzee mmoja akauliza, "Hivi sisi Kombe la Afrika Mashariki tumelichukua mara ngapi?" Mimi, kabla ya mkubwa yeyote kusema, nalitoa simu mfukoni, nikatazama, nikajibu, "Mara tatu tu: mwaka 1974, mwaka 1994 na mwaka 2010. Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1973."

Babu akaniuliza polepole, "Na wale wa Gossage, wewe umewazika wapi?"

Nalicheka mbele ya wazee, nikasema, "Babu, hayo yalikuwa mambo ya sabuni."

Babu hakunijibu. Aliweka kikombe chake chini, na kahawa ingalimo, akachukua mkongojo wake akaingia ndani. Wazee wakanyamaza. Jioni mama alinikemea sana, akasema kuwa simu haina mvi. Nami nalilala nikijua kwamba nimemvunjia mzee heshima, lakini sikujua bado kama nimekosea pia katika habari yenyewe. Basi nikaanza kutafuta.

I. Mwanzo wa Kombe

Kwanza naligundua kwamba habari ya sabuni ni kweli, lakini si jambo la kuchekwa. William Gossage alikuwa Mwingereza mtengenezaji wa sabuni katika mji wa Widnes. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1877, wala hakuliona kombe hili kamwe. Kiwanda chake kiliendelea kwa jina lake, na sabuni yake iliuzwa katika nchi nyingi. Jina hilo la sabuni ndilo lililopewa kombe la kushindaniwa na timu za nchi za Afrika Mashariki.

Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1926. Waliocheza walikuwa wawili tu, Kenya na Uganda, na Kenya ndiyo iliyoshinda. Kwa muda wa karibu miaka ishirini nchi hizo mbili zilipokezana kombe hilo. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja na Pemba, yaani timu ya Zanzibar, ikaingia mwaka 1949. Tangu hapo kombe likawa la nchi nne.

Sasa tazameni jambo hili. Mwaka huo huo wa 1949, ambao ulikuwa mwaka wa kwanza wa timu nne, bingwa alikuwa Tanganyika. Mwaka 1950 Tanganyika ikashinda tena, na mwaka 1951 ikashinda mara ya tatu mfululizo. Babu alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati ule. Aniambia kwamba habari ya ushindi ililetwa Tabora na watu wa gari moshi waliotoka pwani, nao watoto wa Ng'ambo wakaimba mpaka usiku. Baadaye, mwaka 1964 na mwaka 1965, kombe lilirudi kwetu tena. Hivyo katika Kombe la Gossage tulipata ubingwa mara tano. Hao ndio watu niliowazika kwa neno moja.

II. Jina Kubadilika

Kombe la Gossage lilikoma mwaka 1966. Mwaka uliofuata mashindano yakaitwa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, maana wakati huo nchi zetu zilikuwa zimekwisha kupata uhuru: Tanganyika mwaka 1961, Uganda mwaka 1962, Kenya na Zanzibar mwaka 1963. Katika kipindi hicho Uganda na Kenya ndizo zilizoendelea kutamba.

Mwaka 1973 baraza la vyama vya mpira vya Afrika Mashariki na Kati, yaani CECAFA, likayachukua mashindano chini ya jina lake. Uganda ilishinda mwaka huo. Mwaka uliofuata Tanzania ikashinda nyumbani, Dar es Salaam. Nchi nyingine zikaongezeka, na ubingwa ukatembea: Malawi wakauchukua mwaka 1978 na 1979, Sudan mwaka 1980, Kenya mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 1981 hata 1983, Ethiopia mwaka 1987, Rwanda mwaka 1999. Lakini aliyewashinda wote kwa wingi ni Uganda, ambayo tangu mwaka 1973 mpaka mwaka 2019 ilitwaa ubingwa mara kumi na tano.

Hapo ndipo nalipoona kosa la hesabu yangu. Simu yangu haikusema uongo. Ilihesabu tangu mwaka 1973, kwa jina la CECAFA. Mimi ndiye niliyedhani kwamba jina lilipoanza ndipo mchezo ulipoanza.

III. Je, ni Ubingwa Mmoja au Mingi?

Mwanafunzi mwenzangu wa Kidato cha Tatu alinipinga darasani. Alisema, "Kombe jingine, jina jingine, wenye mashindano wengine, basi ni ubingwa mwingine." Hoja yake ina nguvu, nami sikuweza kumjibu siku ile. Lakini Mwalimu alituonyesha mifano miwili kutoka nje.

Mfano wa kwanza ni Kombe la Dunia. Kombe la zamani liliitwa kwa jina la Jules Rimet. Brazil ililishinda mwaka 1958, 1962 na 1970, na kwa kuwa ilishinda mara tatu ikapewa liwe lake daima. Kuanzia mwaka 1974 likashindaniwa kombe jipya. Brazil ilishinda hilo jipya mwaka 1994 na 2002. Leo ulimwengu mzima husema kwamba Brazil imekuwa bingwa mara tano, wala hakuna asemaye mara mbili. Tena lile kombe la zamani liliibwa mjini Rio de Janeiro mwaka 1983 wala halikuonekana tena. Chombo kimepotea, lakini ubingwa haukupotea. Twajifunza kwamba kombe ni kitu kimoja na ubingwa ni kitu kingine.

Mfano wa pili ni Kombe la Mataifa ya Afrika. Mashindano ya kwanza yalifanyika Khartoum mwaka 1957, na walioshindana walikuwa watatu tu: Misri, Sudan na Ethiopia. Misri ilishinda, nayo huhesabu ushindi huo pamoja na mingine yote. Basi uchache wa washindani hauwezi kuwa sababu ya kuifuta miaka ya Gossage, kama haukuwa sababu ya kuufuta ushindi wa Misri.

Hata hivyo mwenzangu hakushindwa kabisa. Maana Kombe la Dunia, jipya na la zamani, liliongozwa na chama kimoja, yaani FIFA, na chama hicho hicho chasema miaka yote ni mfululizo mmoja. Lakini Gossage na Kombe la CECAFA huandikwa mara nyingi katika orodha mbalimbali. Kwa hiyo Mwalimu alituambia tusigombane juu ya jumla. Alisema, "Andikeni jina la kombe na mwaka wake. Anayetaka jumla atajumlisha mwenyewe, akijua anajumlisha nini."

IV. Mambo Manne Magumu

Katika kuandaa orodha yangu nalikutana na mambo manne ya kufikirisha.

La kwanza ni la Zanzibar. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa ubingwa katika mashindano yaliyofanyika Uganda. Je, ushindi huo ni wa Tanzania? Nchi zetu ziliungana tarehe 26 Aprili, 1964, lakini katika mashindano haya Zanzibar husimama peke yake, na timu ya Bara husimama peke yake kwa jina la Kilimanjaro Stars. Mwaka 2017 huko Kenya zilikutana uwanjani, na Zanzibar ikaifunga Bara mabao mawili kwa moja. Zanzibar ikaendelea hata fainali, ikafungwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti. Watu wawili wanaopigana mieleka hawawezi kuwa mtu mmoja. Basi ubingwa wa mwaka 1995 ni wa Zanzibar, nao wastahili sifa yao wenyewe.

La pili ni la wageni. Mwaka 2006 huko Ethiopia, Zambia ilishinda fainali dhidi ya Sudan. Lakini Zambia ilikuwa mgeni mwalikwa, si mwanachama wa baraza, na kwa hiyo ubingwa ukapewa Sudan. Yaani aliyeshinda uwanjani siye aliyeandikwa kitabuni. Mwaka 2010, hapa kwetu Dar es Salaam, Tanzania ilikutana katika fainali na mgeni mwingine, Ivory Coast. Shadrack Nsajigwa alifunga kwa penalti, tukashinda bao moja kwa sifuri, na swali hilo gumu halikuzuka tena.

La tatu ni la umri. Mwaka 2021 mashindano yalichezwa Ethiopia kwa vijana wasiozidi miaka 23. Tanzania iliishinda Burundi kwa mikwaju ya penalti katika fainali. Mimi nimeuandika ushindi huo katika orodha yangu, lakini kando yake nimeandika "vijana", ili msomaji asidanganyike.

La nne ni la miaka mitupu. Mwaka 2014, 2016 na 2018 mashindano hayakufanyika. Katika miaka kama hiyo hapana bingwa mpya. Mwandishi mwaminifu huacha nafasi wazi, wala haijazi kwa kubahatisha.

V. Kurudi Barazani

Nalipomaliza orodha naliinakili kwa kalamu katika daftari, kwa mwandiko mkubwa, nikaenda kwa Babu siku ya Ijumaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Babu." Akaitika, "Marahaba." Nikamwomba radhi mbele ya wazee wale wale, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele yao. Kisha nikamsomea: "Kombe la Gossage: mwaka 1949, mwaka 1950, mwaka 1951, mwaka 1964, mwaka 1965. Kombe la CECAFA: mwaka 1974, mwaka 1994, mwaka 2010. La vijana: mwaka 2021."

Akaniambia, "Rudia hiyo mitatu ya kwanza." Nikairudia.

Kisha akasema, "Umesahau mwaka 1995."

Nikamjibu kwa adabu, "Hapana, Babu, sikuusahau. Ule ni wa Zanzibar." Nikamweleza sababu kama nilivyowaeleza ninyi. Wazee wakaanza kubishana, wengine upande wake, wengine upande wangu, na mmoja aliyewahi kuishi Unguja akasimama kabisa kunitetea. Babu alisikiliza yote, akacheka, akasema, "Haya, waachie chao. Lakini vyangu usiviguse." Kisha akaninyoshea kikombe nimmiminie.

Ndugu wasomaji, somo nililolipata ni hili. Mzee alikumbuka jambo ambalo orodha ya simu yangu haikuwa nalo. Nayo orodha ilikuwa na mpaka ambao kumbukumbu ya mzee iliuruka. Anayetaka kujua habari za kale yampasa kuuliza pande zote mbili, na kuuliza kila mara: hesabu hii imeanzia wapi, na nani aliyeianzisha? Wazee walioisikia habari ya mwaka 1949 kwa masikio yao wamebaki wachache sana. Yafaa kila mmoja wetu, likizo hii, aende na daftari lake barazani kabla ya kwenda na jibu lake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja nchi nne zilizoshindania Kombe la Gossage, na mwaka ambao kila moja iliingia.
2. Eleza tofauti kati ya kombe na ubingwa, ukitumia mfano wa Kombe la Jules Rimet.
3. Mwaka 2006 mshindi wa fainali hakuandikwa kuwa bingwa. Je, waona ni haki? Toa sababu mbili.
4. Muulize mzee mmoja wa mtaani kwenu juu ya mchezo au ngoma ya mashindano ya ujana wake. Andika majina na miaka aliyoitaja, kisha utafute ushahidi wa pili.