Gurudumu la Tatu kwa Mwendeshaji Aliyepungukiwa Nguvu za Miguu

Mwendeshaji wa pikipiki huitegemea miguu yake zaidi anaposimama kuliko anapokwenda. Chombo kikiwa katika mwendo, masahihisho madogo madogo ya usukani hukizuia kisianguke. Kikifika makutano ya Barabara ya Uhuru na ya Mandela, pale Buguruni, kikakwama nyuma ya malori, msaada huo hutoweka, na mguu hauna budi kutua chini na kubeba uzito. Hapo ndipo mzee mwenye goti lililochakaa, au mtu anayetumia mguu bandia, anapoangushwa na chombo ambacho hata hakikuwa kikienda.

Sisi wahudumu wa afya hulisahau jambo hili. Humwambia mgonjwa asiendeshe tena. Naye huitikia kwa adabu, kisha hurudi kijiweni kabla kigutu hakijapona vizuri, kwa kuwa kodi ya chumba haingoji. Lingekuwa jambo la manufaa zaidi kumuuliza: chombo chako kinahitaji kiungo gani, na kiungo hicho kina nguvu kiasi gani leo?

Katika pikipiki ya kawaida, mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma na wa kushoto hubadili gia. Bajaji haiko hivyo. Klachi na gia zote ziko mkono wa kushoto, mafuta yako mkono wa kulia, na mguu umebakiwa na kazi moja tu, nayo ni breki. Fundi stadi akiiunganisha pedeli hiyo na wenzo wa kuvutwa kwa mkono, chombo huendeshwa bila miguu kabisa. Ndiyo sababu jijini Dar es Salaam watu wenye ulemavu wa miguu, wakiwemo waliopoozeshwa na polio utotoni, wamejipatia riziki kwa bajaji.

Ulaya na Marekani yapo magurudumu ya pembeni yanayoshuka chombo kinapopunguza mwendo na kupanda kinapokwenda. Zipo pia pikipiki zenye magurudumu mawili ya mbele yanayoinama pamoja na mwendeshaji, kama Piaggio MP3 iliyoanza kuuzwa mwaka 2006. Kwetu, mwenye shida huenda kwa fundi wa kuchomelea, akarudi na magurudumu mawili yasiyosogea. Hapa nitasema wazi: siyapendi. Pikipiki hukata kona kwa kuinamia ndani. Ikizuiwa kuinama, humsukuma mwendeshaji nje. Isitoshe, gurudumu la nyuma likipita juu ya shimo, yale ya pembeni hubeba uzito wote, nalo hubaki likining'inia, halisukumi wala halifungi breki. Ekseli kamili yenye magurudumu mawili nyuma, kama ya bajaji au guta, ni salama zaidi.

Hata hivyo, bajaji nayo hupinduka. Ina gurudumu moja mbele. Breki ikifungwa katikati ya kona, uzito hukimbilia pembe ya mbele ambako hakuna tairi la kuupokea. Punguza mwendo kabla ya kona, na marobota ya Kariakoo yapangwe chini, karibu na ekseli ya nyuma.

Yapo ambayo gurudumu la tatu haliyatibu. Aliyepooza na kupoteza hisia hupata vidonda vya mgandamizo makalioni bila kuumwa; ainue mwili kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila jioni akague ngozi kwa kioo. Mguu wenye ganzi ya kisukari waweza kuungua kwenye bomba la moshi mwenyewe asijue. Mzee apimwe macho, aulizwe kuhusu kizunguzungu cha dawa za shinikizo la damu, na akumbushwe kwamba Piriton ya mafua huleta usingizi.

Kabla ya kurudi barabarani, mgonjwa akae juu ya chombo chake kikiwa kimezimwa. Avute au akanyage breki mara kumi mfululizo, kisha aishikilie kwa dakika nzima. Ageuze shingo pande zote mbili. Mwishowe ashuke peke yake kwa haraka, kana kwamba injini imeshika moto. Akishindwa lolote kati ya hayo, liandikwe katika faili, na mtaalamu wa viungo amwone yeye pamoja na fundi wake siku moja.