Skrubu Mbili za Kabureta

Leo tujifunze juu ya kabureta ya pikipiki. Huku kwetu Songea pikipiki ndiyo hupeleka mgonjwa zahanati, ndiyo hupeleka mahindi mashineni. Ikianza kula mafuta, mwenye pikipiki hupata hasara na abiria huongezewa nauli.

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia ndani ya injini. Petroli ikizidi, plagi hujaa masizi meusi. Hewa ikizidi, injini huchemka, tena huzimika ovyo.

Kabureta ina skrubu mbili za kurekebisha. Moja ni ya sailensa, yaani mngurumo wa pikipiki ikiwa imesimama. Nyingine, ndogo, ni ya mchanganyiko. Wengi wetu huigusa ile ya sailensa peke yake. Pikipiki ikizimika ovyo, wanaikaza mpaka injini inalia kama mashine ya kusaga. Kweli haizimiki tena. Lakini ugonjwa umebaki palepale, na petroli inakwisha bure.

Sasa tufanyeje? Kwanza tusafishe chujio la hewa. Vumbi la kiangazi likiliziba, hakuna skrubu itakayosaidia. Pikipiki iwe nje, siyo ndani ya nyumba, maana moshi wake unaua. Sigara ikae mbali.

Injini ikiwa imezimwa, kaza skrubu ndogo polepole ukihesabu mizunguko, mpaka igote. Usiilazimishe, ncha yake itaharibika. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, tuseme mzunguko mmoja na nusu, kisha irudishe ilipokuwa. Ukipotea baadaye, karatasi itakuonyesha pa kurudi.

Washa injini, ngoja dakika tano hivi ipate moto. Zungusha skrubu ndogo robo mzunguko, tulia, sikiliza. Mngurumo ukipanda, endelea upande huohuo. Ukianza kushuka, rudi pale ulipokuwa juu na laini. Hapo ndipo sasa upunguze sailensa. Vuta mafuta ghafla, uachie. Injini ikijibu bila kukohoa, ikarudi chini bila kuzimika, basi imekaa.

Pikipiki nyingine skrubu ndogo hupitisha hewa, nyingine hupitisha petroli. Usijali, sikio ndilo litakaloamua. Ila skrubu hii inahusika na mngurumo wa chini tu. Pikipiki ikikohoa kwenye mwendo mkubwa, mwone fundi asafishe vitundu vya ndani. Petroli ya kupimiwa kwenye chupa huweza kuwa na maji au mchanga.

Ziko pikipiki za zamani za silinda mbili na kabureta mbili, kama Triumph Bonneville za Uingereza za miaka ya 1960. Hizo kazi yake ni kubwa zaidi, maana kabureta zote mbili lazima zifunguke pamoja. Wawili wakitwanga kinu kimoja, mmoja akikosea zamu, michi hugongana.

Jambo jingine ni milima yetu. Songea mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, haifiki mita 500. Hewa ya juu ni nyepesi, ya chini ni nzito. Kabureta iliyorekebishwa ziwani, ikipanda Songea hupata petroli nyingi kidogo. Iliyorekebishwa Songea, ikishuka ziwani hupata hewa nyingi kidogo. Dereva wa safari ya siku moja asikimbilie bisibisi. Anayehamia huko ndiye arekebishe upya, na aandike hesabu mpya.