Mtoto Mchanga Akikoroma Kila Avutapo Pumzi

Kelele ya mafua hutoka puani. Ikitoka kooni, kali, kila mtoto anapovuta hewa ndani, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi ni ulegevu wa koromeo, na wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza miaka 2. Lakini kelele hiyohiyo huweza kuletwa na uvimbe wa majimaji aliozaliwa nao, uliojificha kwenye shina la ulimi na kugandamiza njia ya hewa. Huo si wa kuusubiri.

1. Msikilize akiwa ametulia. Je, mkoromo huzidi akilala chali au akinyonya? Huachia titi kila mara ili apumue? Hupaliwa? Mrekodi kwa simu, kifua kikiwa wazi, maana mbele ya daktari huenda akanyamaza kabisa.

2. Hesabu pumzi dakika nzima. Kwa aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka, 50.

3. Mkoromo wa mtoto aliyetulia watosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuche ikiwa kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu, pumzi zinakatika, anashindwa kunyonya, au ulimi na fizi vinageuka rangi ya bluu.

4. Asikatwe kimeo. Jirani atakushauri, bibi atasisitiza, na wote wanakutakia mema. Ila kimeo huning'inia nyuma ya kinywa, na uvimbe uko chini zaidi. Wembe hautaufikia, utaacha damu na vidudu, hata pepopunda.

5. Beba kadi ya kliniki, hasa kama uzito haupandi, na uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sema wazi: “Daktari, naomba koo la mwanangu litazamwe kwa kamera.” Tochi na kijiko havifiki huko. Uvimbe kama huo ukiwa kifuani badala ya kooni, karibu na bomba la hewa, hutafutwa kwa eksirei na siti skani.

6. Ule wa shina la ulimi hufanyiwa upasuaji kupitia kinywani, mtoto akiwa usingizini kwa dawa. Kufyonza maji kwa sindano peke yake hakutoshi, kwani mara nyingi hujaa tena. Kwa hiyo uliza kama ukuta wa uvimbe utaondolewa au kufunguliwa wote. Mtaalamu wa dawa za usingizi naye aonyeshwe ile video mapema. Na mkoromo ukirejea baadaye, mrudishe kwa daktari yuleyule.